Mama Magome na Udongo Usioachia

Nzi alitua kwenye mkono wa Mama Magome saa nne asubuhi, wakati wa chai, akatembea hatua tatu na kuanguka chali. Alimpuliza, akaendelea kunywa. Wa pili alitumbukia kikombeni. Wa tatu hakufika hata kutua. Alifia hewani na kudondokea mkate wa msimamizi aliyeketi karibu.

"Sogea kidogo, Mama," msimamizi alisema. Akamtoa nzi kwa ukucha, akaung'ata mkate.

Mama Magome alisogea.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichanganya udongo wa vyungu katika kitalu kile cha maua ya mapambo. Jina lilitokana na magome ya misonobari yaliyosagwa, yaliyoletwa kwa magunia na kurundikwa bandani. Alimwaga mafungu matatu ya magome, fungu moja la makumbi ya nazi na nusu fungu la mchanga. Kisha msimamizi alimimina dawa ya wadudu, naye akaingiza mikono mpaka viwikoni na kugeuza kama anayekanda unga. Maua yale hayakuwa ya kuliwa na mtu, kwa hiyo dawa haikupimwa kwa ubahili. Ilinuka kama ndizi mbivu zilizosahauliwa kwenye mfuko wenye mafuta ya taa. Miaka ya mwanzo alikuwa akitapika nyuma ya banda. Siku hizi alimeza mate tu, na mate yenyewe yalikuwa na ladha ya kijiko cha bati.

Wiki ile ya nzi, mwenye kitalu alimleta mtaalamu wa udongo. Watu wa bondeni walikuwa wamelalamika kwamba samaki wanaelea kwenye mfereji wao, matumbo juu. Mtaalamu alipanga vyungu kwenye meza, akavimwagilia na kukinga maji yaliyotoka kwenye matundu ya chini.

"Mchanga mtupu unaachia," alieleza. "Ukimwagilia mara tatu, dawa yote imeshuka mferejini. Lakini magome na makumbi yanashika. Miezi na miezi dawa iko palepale kwenye mizizi. Ongezeni magome, mpunguze mchanga."

"Na mikono?" Mama Magome aliuliza.

"Mikono gani?"

"Hii. Inashika au inaachia?"

Mtaalamu alikiri kwamba mikono haijawahi kupimwa. Alikuwa mtu wa kazi, hakupenda swali libaki bila jibu. Akamsimamisha Mama Magome ndani ya beseni na nguo zake zote, akammwagia ndoo tatu za maji kutoka utosini, akayakinga. Maji yalitoka safi. Akaweka samaki mdogo ndani. Samaki akazunguka beseni kwa raha zake.

"Hongera, Mama," alisema. "Huachii hata tone."

Mwenye kitalu alifurahi sana. Matokeo ya vyungu na ya Mama Magome yaliandikwa kwenye karatasi moja, ikawekewa kioo na kutundikwa ofisini, ili watu wa bondeni wakija waonyeshwe.

Mtaani habari zilienea. Jirani wa kwanza alikuja kumwazima kwa sababu ya kunguni. Mama Magome alikaa kwenye godoro lake mchana mmoja, akishona kifungo cha blauzi, huku kunguni wakitoka kwenye pindo za godoro na kufa kwa mistari iliyonyooka. Jirani aliwazoa kwa ufagio na bati, wakajaa kopo zima. Alipoyamwaga yale mavuno shimoni alicheka kwa furaha. Mama Magome alitazama damu iliyokauka matumboni mwao, damu ya watoto wa jirani. Aliaga bila kunywa maji.

Bintiye alikuja Jumamosi na mtoto mchanga wa miezi minne. Mama Magome alikuwa ameamka alfajiri akajisugua kwa sabuni ya kipande, kwa majivu, kwa ndimu, na mwisho kwa jiwe la kusugulia miguu, mpaka ngozi ya vidole ikatoa damu. Damu ile ilinuka ndizi na mafuta ya taa. Alifunga vidole kwa kitambaa, akapanua mikono mlangoni.

"Mama, naomba usimbebe," bintiye alisema.

"Nimeoga."

"Najua umeoga."

"Mara nne, mwanangu."

Binti aliangalia chini. Sisimizi waliokuwa wakivuka kizingiti walifika karibu na miguu ya mama yake, wakageuka na kurudi walikotoka. Basi bibi na mjukuu walizungumza kwa mbali, mmoja mlangoni, mwingine mapajani mwa mama yake upande wa pili wa chumba. Mtoto alicheka na kutoa povu mdomoni. Mama Magome aliishika mikono yake nyuma ya mgongo kama mtu aliyeiba.

Jumatatu aliingia ofisini. Mwenye kitalu alikuwa akila yai la kuchemsha, kiini kimemganda kwenye masharubu.

"Naacha kazi," Mama Magome alisema. "Nataka kumbeba mjukuu wangu."

"Ukiacha leo, itakutoka lini?"

"Sijui. Labda haitatoka. Lakini naacha."

"Haya, siwezi kukufunga kamba." Alilamba kidole. "Binti yako alishapita hapa wiki jana kuulizia kazi. Nilimwambia asubiri. Sasa nafasi imepatikana, na mikono yake bado mipya."

Mama Magome alikitazama kiini cha yai kikipanda na kushuka. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa bintiye.

"Kazi ni kazi, Mama," bintiye alisema. "Duka nililokuwa nikiuza limefungwa, na mume wangu anaonekana nyumbani pale anapotaka. Mtoto nitamwacha kwa mama mkwe."

"Bado unamnyonyesha."

"Nitamnyonyesha jioni."

 Mama Magome alimwona mtoto akikifungua na kukifumba kinywa chake usingizini.

Kesho yake alifika kitaluni kabla ya wote, akapanda juu ya lundo la udongo uliochanganywa, akaketi. Msimamizi alimwambia ashuke. Hakushuka. Alikaa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Funza weupe wa mizizi walitoka ndani ya lundo, wanene kama vidole vya mtoto, wakajikunja miguuni pake, wakageuka weusi na kuyeyuka. Wafanyakazi walifunika pua, wakaenda kulia chakula chao upande wa pili.

Siku ya nne mwenye kitalu alikuja mwenyewe, amevaa glavu za mpira zinazofika kwapani. Hakugomba. Alichimba chini ya Mama Magome, akachukua udongo chungu kizima na kumpelekea mtaalamu. Majibu yalirudi saa tisa: udongo ule ulikuwa na dawa ya kutosha mwaka mzima, na hakuna aliyemimina hata kifuniko.

"Kumbe unaachia, ukikalia magome," mwenye kitalu alisema. "Kaa tu, Mama. Kaa hapohapo. Nitakujengea kivuli."

"Nakaa kwa sharti moja. Binti yangu asiguse kazi hii."

"Asiguse. Wa kugusa wako wengi."

Kivuli kilijengwa kabla ya jua kuzama, cha turubai la bluu, na kiti kikaletwa, ila miguu ya kiti ilikatwa ili mwili wake uguse udongo. Kabla ya mwisho wa mwezi maua ya kitalu kile yalikuwa yakitafutwa kuliko yote. Yalipelekwa kwenye mapokezi ya hospitali, kwenye baraza za shule, kwenye madirisha ya jikoni. Hayakuwa na doa hata moja la mdudu, na wanunuzi walipenda kuuminya udongo wake kwa vidole kuona kama una unyevu.

Bintiye alipata kazi kwa fundi cherehani. Jumamosi alimleta mtoto hadi kwenye uzio, akampungisha mkono, na Mama Magome akampungia kutoka kitini. Walikuwa wakitazamana hivyo msimamizi alipopiga filimbi ya kujaza vyungu. Wachanganyaji wapya wawili walikuja na ndoo, mmoja mjamzito. Wakamwamkia kwa adabu, wakapiga magoti pande zote mbili za kiti, wakaanza kuchota udongo uliokuwa chini yake, kwa mikono mitupu.