Mguu wa Fredesvinda

Fredesvinda alimkataa Eladio mara ya kwanza wakiwa vijana, kwa sababu ya masikio yake makubwa. Akamkataa tena alipofiwa na mumewe, akisema ameshazoea kulala katikati ya kitanda. Siku alipokubali alikuwa bibi mwenye wajukuu, na mtaa wetu mzima, hapa pembeni mwa mji wa Moca, ulitoka nje kupiga sufuria. Eladio, mpiga kodiani ambaye muziki wake wa merengue huwainua hata wagonjwa wakacheza, alilia mbele ya watu wote.

Wiki ya harusi, Fredesvinda alikwaruzwa na waya wa banda alipokuwa akimkimbiza jogoo. Mkwaruzo mdogo tu, kwenye muundi. Akaufuta kwa khanga ya jikoni, akaendelea na kazi. Haikupita muda mguu ukawa mwekundu, umevimba, na wa moto kama ubavu wa birika.

Habari zikaenea, na dawa zikafuata. Wa kwanza kufika alikuwa Nurkis, mdogo wake, na kapsuli zake mkononi.

"Dada, meza hizi. Zilibaki kwenye zile zilizoniponya jino."

"Kwani mimi jino langu liko mguuni?"

Jirani Clodomira akaja na wazo la kupasua kapsuli na kuunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Kabla hajazuiwa, ameshanyunyiza. Mwisho akaingia Eladio, anahema, na kipakiti chake mfukoni.

"Mpenzi, hizi ndizo zilizonitoa kwenye ule mkojo wa moto."

"Eladio! Hata ndoa hatujafunga, unaanza kunisimulia mkojo wako?"

Wakacheka wote, lakini Fredesvinda alipojaribu kusimama alikunja uso, na kicheko kikaisha. Eladio akakusanya dawa zote kwenye mfuko, akaazima gari, wakaenda zahanati kwa daktari Yokasta. Nurkis naye akapanda.

Yokasta ni binti mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyopitwa na kitu. Aliubonyeza mguu, akapima homa, kisha akamwaga ule mfuko mezani.

"Don Eladio, dawa yako ni nzuri, ila inafanya kazi kwenye kibofu. Mguuni haifiki ya kutosha. Bakteria wa mkojo na bakteria wa ngozi si wamoja, na kila dawa ina mahali pake. Na huu unga kwenye kidonda?"

"Clodomira," wakajibu kwa pamoja.

"Mwambieni unga aweke kwenye samaki wa kukaanga. Hivi vidonge vya jino navyo ni vichache mno, haviponyi, vinawapa bakteria mazoezi tu. Mama, kuna dawa inayokudhuru?"

Nurkis akawahi. "Penisilini! Ni sumu kwake tangu utotoni. Kwetu hilo linajulikana kama jina la ukoo."

"Basi dada yangu, ulichomletea cha jino ni ukoo huohuo wa penisilini."

Nurkis akashika mashavu. "Mama yangu wee! Ningemuua bibi harusi!"

"Mimi mwenyewe ningependa kumpa dawa ya ukoo huo," akasema Yokasta, "maana ndiyo inayowaweza vizuri bakteria wa ngozi kama hawa. Lakini kwanza nijue. Ilikuwaje siku hiyo penisilini ilipomdhuru? Nani aliona?"

Wakampigia simu mama yao, Doña Ubaldina, mzee sana lakini masikio yake yanasikia sarafu ikianguka kwa jirani.

"Madoa? Ndiyo, yalimtoka, baada ya sindano," akasema. "Lakini wiki ile watoto wote wa mtaa walikuwa na madoa. Hata Nurkis, na yeye hakuchomwa kitu. Ilikuwa surua, binti yangu."

"Alivimba midomo? Alibanwa pumzi?"

"Abanwe pumzi wapi! Alikuwa anapiga kelele anataka embe."

"Mama!" Fredesvinda akaruka. "Maisha yangu yote naikimbia penisilini! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Yokasta akacheka, ila hakuacha uangalifu. Akaweka tayari sindano ya dharura, akampa Fredesvinda kipimo kidogo cha penisilini kumjaribu, akamkalisha benchi mbele ya macho yake. Eladio alimkodolea mchumba wake macho bila kupepesa.

"Ukiendelea kunitazama hivyo, madoa yatanitoka kwa hasira."

Akapewa kipimo kizima, wakasubiri tena. Kilichomtoka ni njaa peke yake. Ndipo Yokasta akamwandikia dawa ya ukoo ule, inayowaweza bakteria wa ngozi, na kwa kalamu akachora mstari kuzunguka wekundu wote.

"Wekundu ukiuvuka mstari, au wewe ukianza kutetemeka kwa homa, harusi isiwazuie, rudini hapa mara moja. Mguu ukae juu. Na dozi umalize hata ukijiona mzima."

Asubuhi ya pili wekundu ulikuwa umegota palepale kwenye mstari. Fredesvinda aliutazama. Kisha akasema polepole, "Eladio, marehemu baba watoto alianza hivihivi. Alianzia mguuni."

Eladio aliweka kodiani chini, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika kisigino. "Harusi tunaweza kuihamisha siku," akasema baadaye. "Wewe sina pa kukupata tena."

Kesho yake, walipofunua shuka, wekundu ulikuwa umerudi nyuma kama dimbwi linalokauka, na ngozi ndani ya mstari ilianza kukunjamana. Fredesvinda akapiga yowe lililowaleta majirani mbio, wakamkuta anataka ndizi za kuponda na soseji ya salami ya kukaanga. Nurkis akaulizia kama vidonge vitabaki, aweke akiba. Akafukuzwa kwa kandambili.

Harusi ikafanyika siku yake. Bibi harusi alikaa na mguu juu ya kigoda kama malkia, huku sancocho, mchuzi mzito wa nyama na mihogo, ikichemka uani. Yokasta alialikwa, na kosa lake lilikuwa kukubali, maana kabla hajashika kijiko watu walishampangia foleni, midomo wazi. Aliyetangulia ni Wenceslao, mwimbaji wa bendi, sauti imekauka.

"Daktari, nichome hiyo penisilini, niimbe."

Yokasta akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia. "Haya ni mafua, yanaletwa na virusi, penisilini haivioni hata kidogo. Hayo mengine ni makelele yako. Kunywa maji, unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Ukiniuliza mimi, mpaka Jumatatu," mkewe akadakia, na ua mzima ukapiga makofi.

Merengue ikapigwa bila mwimbaji. Fredesvinda akamtazama daktari, daktari akainua kidole kimoja: wimbo mmoja tu. Eladio akamtupia mpwa wake kodiani. Kijana yule alipiga vibaya hasa, akikosea kila mara, lakini wale wawili walicheza taratibu katikati ya ua, bibi harusi akiegemea bega la mumewe, na hakuna aliyetaka wimbo uishe.