Kigae Kilichobaki

Fundi alikuwa amepiga magoti uani, akipanga sakafu isiyokuwa na chumba. Vigae vilikuwa masalia ya kazi za watu: vyeupe, vya kijivu, vingine vyenye maua ya jiko fulani alilokwisha kulisahau. Alivihesabu mara mbili. Mia mbili na kumi na moja.

Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa na sauti mbili tu: redio, na simu ya binti yake kila Jumapili. Binti alisoma mpaka akavuka bahari, na kazi yake ilikuwa namba tasa. Siku moja alimweleza baba yake, furaha imemjaa, habari za namba moja ndefu ajabu, aliyoshuku kuwa ni tasa. Ukiandika tarakimu moja kwenye kila kigae, vigae vya mji mzima havitoshi. Alipoona baba haelewi, akamtajia ndogo ya aina hiyohiyo, mia mbili na kumi na moja: huwezi kuipanga katika safu zilizo sawa, labda uinyooshe mstari mmoja. Fundi, asiyejua kumung'unya maneno, akauliza, "Na hiyo inajenga nini?"

Simu iliyofuata ilikuwa fupi. Salamu, dawa za presha, kwaheri. Jumapili iliyopita haikulia kabisa.

Ndiyo maana leo magoti yake yalijaa vumbi. Alipanga safu za sita, kikabaki kimoja. Akavuruga, akapanga za saba, kimoja. Za kumi, kimoja. Za kumi na nne, kilekile cheupe chenye ufa pembeni, kimekaa kando kama mgeni aliyekosa kiti. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kikatio. Maisha yake yote, kigae kisipoenea hukatwa. Akakishika kitambo, kisha akakirudisha chini kikiwa kizima, akapiga simu.

"Namba yako imenishinda," alisema bila hata salamu.

"Umeipanga kwa kitu gani, baba?"

"Vigae. Kila nikipanga kinabaki kimoja. Nusura nikikate."

Binti akacheka, kicheko ambacho fundi alidhani kimekwenda na mama yake. "Ukikikata si namba ile tena."

"Nimekiacha. Ile kubwa je?"

Mashine ilikuwa bado inaikagua, binti akasema. Wenzake walichoka, wakahamia kazi nyingine. Chumba kizima amebaki yeye na mvumo wa feni.

Fundi akaanza kukusanya vigae.

"Usikate simu," binti alisema. "Panga tena. Nisikie tu."

Akaiegemeza simu kwenye kigae chenye ufa, akaanza safu za kumi na moja. Vigae viligongana taratibu. Alipofika mwisho, mikono ikatulia.

"Baba? Kimebaki?"

Alitazama chini: kile chenye ufa, na kingine kando yake.

"Viwili," alisema.