Uvamizi wa Kabla ya Vinywaji

Naitwa Mama Gia, na sina mtoto hata wa kusingiziwa. Jina nilipewa na madereva wenzangu, wanaume watupu, siku magari yao yalipozama mchangani nikayavuta yote peke yangu huku wao wamesimama pembeni wanapeana ushauri. Basi, likanata. Nilikuwa naendesha wageni katika kambi moja ya kitajiri huko jangwani, kambi ambayo hema lina kiyoyozi na bafu la marumaru, na maji yanaletwa kwa lori ili mtu aliyezikimbia mvua za kwao aje aogelee katikati ya ukame. Mimi sicheki, nasema tu.

Wageni waliahidiwa mambo matatu: wanyama, mandhari, na utamaduni wa wenyeji. Wanyama ni choroa, mbuni, na mbweha wenye masikio makubwa kuliko akili. Mandhari ni vilima vya mchanga, ambavyo havidai mshahara. Utamaduni wa wenyeji ni sisi, ukoo wangu mimi, wafugaji wa ngamia tangu enzi na enzi.

Sasa huo utamaduni ulibuniwa na meneja, ambaye ngamia alimwona kwa mara ya kwanza siku aliyoajiriwa. Aliuita Uvamizi. Alasiri, gari likirudi kambini, linapita kwenye korongo jembamba. Humo wanatokea watu juu ya ngamia, nyuso zimefungwa vitambaa, mikononi mapanga ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha, wanapiga kelele utadhani wametumwa roho ya mtu. Kiongozi wao anaruka chini na kusimama katikati ya njia, mikono ameitandaza. Mimi namjia na gari mbio mbio, nafunga breki pua ya gari ikiwa imekaribia kifua chake. Wananivuta nje, wananigaragaza vumbini, wageni wanalia wee, halafu nyuma ya mwamba kumbe kuna meza! Vitambaa vyeupe, glasi, barafu. Hapo wageni wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kiongozi wa wavamizi alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Tulimwita Fundi, kwa sababu ndiye aliyekuwa fundi bomba wa kambi. Asubuhi anazibua vyoo, alasiri anageuka katili wa jangwani. Yale majoho meusi aliyashona wifi yangu, mkewe, na alisema mwenyewe kwamba hakuna babu yeyote wa kwetu aliyewahi kuvaa dude kama lile. Meneja ndiye aliyemletea mfano, kaupata kwenye simu.

Kilichowatoa wageni roho hasa ni kwamba Fundi akisimama njiani alikuwa anafumba macho. Kweli kabisa, anafumba. Nilimgombeza mpaka nikachoka. "Dada akiwa kwenye usukani mimi niangalie nini?" ndivyo alivyonijibu, na kucheka juu. Kila nikifunga breki pale nilikuwa namtukana kimoyomoyo, kisha nashuka kugaragazwa.

Zamani wageni walikuwa wanaambiwa mapema, wakiwa kwenye chai. Meneja akafuta. Eti mgeni mmoja alilalamika kwamba uvamizi umepoa. "Wakijua hawaogopi," akasema, "na wasipoogopa hawafurahi."

"Na wakiogopa wakafanya la kufanya?" nikamuuliza.

"Mama Gia, wewe endesha."

Tulizozana hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia nani anauawa. Lakini mwenye sauti ni mwenye cheo, likapita.

Siku yenyewe nilipewa mama mmoja wa makamo, tajiri, kofia pana kama sinia, mcheshi hasa, na kijana tuliyeambiwa ni mpwa wake. Mama kila kitu kwake ni ajabu. Tulipowakuta choroa wamesimama juu ya kilima, pembe zao zimenyooka, alitokwa machozi, nami nikampenda bure. Yule mpwa hakuwaangalia. Aliangalia vilima, aliangalia nyuma tulikotoka, aliangalia mikono yangu. Mama akadondosha darubini, kijana akainama kuiokota, shati likapanda. Kiunoni mna bastola.

Mpwa gani anayekuja kutazama mbuni na bastola? Huyu ni mlinzi, na ameingia na silaha kimyakimya wakati sheria ya kambi ni kuiacha mapokezi. Nikashuka, nikajifanya naangalia gurudumu la nyuma, nikampigia meneja kwa redio ya mkononi.

"Mgeni wangu ana bastola. Mzuie Fundi."

"Mama Gia, kila wiki una kisingizio kipya."

"Nimeiona kwa macho yangu! Mtume mtu korongoni!"

"Barafu inayeyuka huku. Njoo." Akazima.

Fundi na wenzake hawakuwa na redio wala simu. Meneja aliwanyang'anya, kwa kuwa wavamizi wa kale hawakuwa na simu. Mshenzi yule! Nikabaki nimeshika gurudumu. Nikasema liwalo na liwe, nitamwambia mlinzi ukweli, kisha tuzungukie njia ndefu ya nyuma, na kazi wakitaka waichukue.

Nikarudi kwenye usukani, nikamgeukia kwa adabu zangu zote.

"Kaka, samahani. Huko mbele kwenye korongo kuna mchezo. Watatokea watu na mapanga, watatuzuia njia, watanivuta nje ya gari. Msiogope, na wewe tafadhali usifanye lolote. Ni ndugu zangu."

Jamani. Nilipofunga mdomo ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe yalivyokuwa.

"Ndugu zako," akasema.

"Mdogo wangu na binamu zangu. Ni wa kambini, wanaigiza tu. Ila tusipite huko, kuna njia nyingine, tuzunguke..."

"Umenitajia njia ya huku ili nikimbilie ya kule." Alikwishatoa bastola. Mdomo wa bastola ulikuwa baridi kwenye kisogo changu. "Kule ndiko mlikojipanga, sio? Tunapita hapahapa. Ukipunguza mwendo, nakupasua kichwa."

"Kaka, naapa kwa Mungu..."

Akanipiga na kitako cha bastola juu ya sikio. Nikaona nyota, damu ikanishuka mpaka kwenye jicho. Yule mama akapiga makofi. "Ndio wameanza?" akauliza kwa furaha. Mlinzi akamshika shingo, akamkandamiza kichwa chini ya kiti kwa nguvu mpaka kofia ikapondeka, na mama naye sasa akaanza kulia kwelikweli.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga. Ningefanya nini? Kuta za korongo zikatufunga huku na huku. Wakatokea, ngamia wanatimua vumbi, mapanga juu, kelele. Fundi akaruka chini, akajiweka katikati ya njia, mikono kaitandaza, na macho akafumba.

Nikapiga honi. Hatukuwahi kupiga honi pale hata siku moja. Binamu zangu wakadhani nimeongeza utamu, wakazidisha mayowe, na Fundi akainua kidevu juu kwa madaha.

"Usiguse breki!" Bastola ilinichimba kisogo. "Pita juu yake!"

"Fundi! Toka! Fundi!" Nililia mpaka koo likachanika, na yeye kasimama palepale, kaniamini.

Nikavuta usukani wote upande wa mwamba.

Chuma kililia. Gari lilipanda ukuta kwa magurudumu ya upande mmoja, likajifikiria, kisha likapinduka, na kioo cha mbele kikatumwagikia usoni. Bastola ililia karibu na sikio langu, risasi ikapita na nyama ya bega. Tulipotua juu chini nilikuwa naning'inia kwenye mkanda, mdomo umejaa damu na mchanga, jino linaelea ulimini. Mama analia chini ya kiti, paja lake limekunjika mahali pasipo na goti. Mlinzi amebanwa kiuno na bomba la paa, anakoroma damu. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa huru, na ndio wenye bastola.

Nikasikia miguu inakuja mbio. Mdogo wangu huyo.

"Dada! Dada!"

Alikuja vilevile alivyo, joho jeusi, kitambaa usoni, na lile panga la mbao mkononi, kasahau hata kulitupa. Nikapaza sauti arudi. Sauti haikutoka, ilitoka damu. Alipiga magoti dirishani, akapitisha mkono kunifungua mkanda, na mlinzi akampiga risasi ya kifua. Akampiga nyingine ya tumbo. Fundi aliketi chini taratibu kama mtu aliyeambiwa subiri.

Sijui mkanda niliukataje. Najua nilitoka kwa kutambaa juu ya vioo, na mpini wa jeki ulikuwa umerushwa pale nje, nikaushika. Niliupiga kwanza ule mkono. Vidole vikavunjika juu ya bastola, akalia, nikafurahi, na sitamwomba mtu radhi kwa furaha ile. Kisha nikampiga usoni. Meno. Pua. Nilikuwa namtukana mama yake na bibi yake, nampigia mdogo wangu, nampigia na meneja pia, kila pigo nalisindikiza kwa tusi lake. Binamu zangu walisimama mbali na mapanga yao ya ubao. Hakuna aliyethubutu kunishika.

Gari la pili la wageni, nalo likirudi kambini, lilikuwa limeshafika nyuma yetu. Limejaa, wamesimama vitini, simu zote juu. Meneja naye katokeza kutoka nyuma ya mwamba, kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi, mdomo wazi.

Nikainua mpini tena. Kitu kikanigusa kifundo cha mguu. Fundi alikuwa amejiburura kwa tumbo mpaka hapo, kitambaa kimemvuka usoni, mchanga nyuma yake umekuwa tope jekundu.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, ile ya kunionya tukiwa kazini. "Acha. Wageni wanaangalia."

Mpini ukanidondoka. Nilikaa chini, nikampakata kichwa mapajani, nikambana kile kidonda cha kifua kwa viganja vyangu viwili, damu inanipita katikati ya vidole, ya moto.

"Waache waangalie," nikamwambia. "Usiwajali, baba. Wewe nitazame mimi. Usifumbe, nitazame mimi tu."

Akanitazama. Aliendelea kunitazama hata pale ambapo chini ya viganja vyangu hapakuwa tena na kitu kinachopanda na kushuka. Na huko nyuma, mgeni mmoja akamuuliza dereva wake kama sasa wanaruhusiwa kushuka.