Inchi Nane za Kiuno

Kila mara mume wake alipoongezeka mwili, fundi cherehani aliifumua suruali yake kiunoni, akachota kwenye akiba ya kitambaa iliyokunjwa nyuma, akashona upya, akapiga pasi na kuirudisha msumarini bila kusema neno. Asubuhi mume anavaa, anajipiga tumbo mbele ya kioo, anatamba:

"Tazama, mama watoto! Suruali ya harusi, mpaka leo inanikaa kama nilizaliwa nayo. Vijana waje wajifunze kwangu."

Mkewe hucheka. Aliona ni heshima ya mke kumsitiri mumewe. Kaka wawili wa mume walikwisha kutangulia kwa kiharusi kabla ya miaka hamsini, na mwenyewe aliliogopa neno kunenepa kuliko nyoka. Basi akamsitiri hivyo hivyo, hadi siku mume alipoanguka kazini mdomo umekwenda upande, asizungumze tena mpaka anazikwa.

Hayo yana miaka saba. Suruali alizofumua tangu hapo ni za mwanawe.

Huyu mwana hupanga mizigo ghalani, na wenzake wanamwita Kibonge. Ni baba yake mtupu: miguu myembamba, tumbo limetangulia. Wala si mlafi. Wenzake wanafuta sahani mbili za mchana na wamekauka kama mbao. Yeye anakula moja, kiuno kinapanda. Baada ya msiba alikuwa akikaa kitandani anajishika tumbo kana kwamba analipima. Mama akamwonea huruma. Alimwomba Mungu amwepushie yaliyompata baba yake, kisha akachukua wembe wa kufumulia.

Miaka ikapita, kisha siku moja muuguzi wa zahanati aliwaita watu wa koo zilizofiwa kwa kiharusi mara nyingi. Fundi akaenda, kitambaa kichwani, akaketi mbele.

"Mama, huku si kurogwa, wala si ulafi," muuguzi alimwambia. "Mtoto anarithi vinasaba kwa baba na kwa mama, na vya huyu si sawa na vya yule. Wako walioumbwa hivi kwamba mafuta yanawakimbilia tumboni. Kisha presha, sukari na mafuta ya kwenye damu vinapanda pamoja. Ukoo wa marehemu, kwa ninavyouona, ndivyo ulivyo."

"Kwa hiyo mwanangu keshaandikiwa?"

"Hapana. Ni hatari, si hukumu. Anayewahi anajizuia kwa chakula, kwa mazoezi, kwa dawa, na anazeeka kama wengine. Ubaya wake haiumi. Kinachowahi kusema ni kiuno. Wanaume wengi wanakuja hapa kwa sababu moja tu: nesi, suruali zimenikataa."

Fundi aliinamia mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine.

Jioni mwana aliporudi, vumbi la ghala hadi kwenye nyusi, alimkuta mama amesimama na futi yake ya kupimia.

"Simama hapa."

"Kuna nini, nashonewa suti? Nimepata mchumba halafu mimi mwenyewe sina habari?"

"Simama, baba."

Akamzungushia kiunoni, futi ikasema inchi arobaini na nne.

"Hiyo futi imekufa, mama. Mimi thelathini na sita tangu namaliza shule."

"Thelathini na sita uliiacha zamani. Nimekuwa nikizifumua suruali zako."

Alicheka. Kisha akaona mama hacheki. Akavuta suruali msumarini, akaigeuza ndani nje, akaiinua dirishani. Matundu ya sindano yalikuwa pale, mstari baada ya mstari, yameingia ndani ya kitambaa hadi ukingoni. Akiba ilikuwa imekwisha.

"Na za baba?"

"Na za baba yako."

"Mimi kila nikivaa nasema afadhali, mimi si kama baba. Kumbe wewe unajua."

"Sikutaka uishi na hofu."

"Ndiyo ungeniachia, mama. Hofu ingenipeleka hospitali."

Asubuhi alikwenda kupimwa, mama nyuma yake hatua kumi, maana mwana hakutaka watembee sambamba. Walimtoa damu, wakamtaka mkojo, wakamtaka arudi baada ya siku tatu. Daktari alizungumza polepole, bila ukali. Sukari ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu, presha vilevile, na figo zimeharibika vibaya.

"Sehemu iliyobaki nzima tutajitahidi isimalizike upesi," alisema. "Iliyokufa hairudi. Ungekuja miaka kadhaa nyuma, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini kungojea karatasi ya kupelekwa hospitali kubwa, kwenye mashine ya kusafisha damu. Mwana alikuwa akitazama sakafu.

"Mara ya kwanza kuifumua suruali yangu ilikuwa lini?"

Mama angeweza kusema mwaka jana. Hapakuwa na mtu wa kumsuta.

"Ulikuwa na miaka ishirini na mitano. Mwaka mmoja baada ya kumzika baba yako."

Mwana alihesabu kwa vidole, akafika sita, akavikunja. Hakupandisha sauti. Aliinuka tu, akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, akampa mgongo.

Mama alifumba macho aombe. Alichotaka kuomba ni ile miaka sita, na hakujua mtu anaiombaje.