Pikapu ya Anko Mbaluka Yanuna

Anko Mbaluka alimpa mpwa wake Kavinya picha ya pikapu yake kuukuu, aigeuze katuni ya kuchapisha kwenye fulana. Kavinya akaketi na kompyuta sebuleni kwao Buruburu. Akachora mistari minene juu ya picha, akafuta kutu, akajaza rangi nyekundu, kisha akaifanya bampa kuwa mdomo unaotabasamu.

"Hii ni ya nani?" Anko akauliza. "Yangu haijawahi kunichekea hata siku moja."

Kavinya akaupindua mdomo ukanuna, akarudisha kutu na kuongeza moshi mweusi nyuma.

"Sasa ndiyo yenyewe, mshenzi huyu!" Anko akapiga makofi.

Jumapili akaivaa fulana kanisani. Pasta, aliyewahi kuisukuma pikapu hiyo, alipoiona akaangua kicheko katikati ya maombi.