Saa ya Mbio za Pasaka

Mimi ni fundi wa saa hapa Kitale, na nitajisema kabla sijasemwa. Wengine hukusanya ng'ombe. Mimi hukusanya saa kuukuu za mbio za magari, zile zenye vitufe viwili pembeni vya kuanzisha na kusimamisha hesabu ya sekunde. Kufikia mwaka 2005 nilikuwa nazo saba, zote za chuma. Ya dhahabu sikuwa nayo, na ilikuwa inanikosesha raha.

Ya dhahabu ilikuwa ya rafiki yangu Walubengo wa Myanga. Ujanani alimsomea ramani dereva mmoja Mzungu katika mbio za Pasaka, na walipofika mwisho, gari likiwa halina hata kioo cha mbele, Mzungu aliivua mkononi akampa. Nyuma imechongwa kigari kidogo na mwaka 1973. Walubengo aliivaa akipalilia mahindi. Roho iliniuma kuona udongo kwenye dhahabu ile, na nilimwomba mara nyingi aniuzie. Alicheka tu.

"Wewe Wakhungu, si ungoje nife kwanza, bana."

Mwezi wa tano alikuja Kitale peke yake, akaniachia saa niisafishe. Alipofika nyumbani siku hiyohiyo, kiharusi kikampiga, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Saa ilikokuwa tulijua sisi wawili tu, na yeye hakuweza tena kusema.

Nilikwenda kumwona. Aliutazama mkono wake mtupu, kisha akanitazama mimi. Mkewe, Nabwile, akaniambia saa imepotea, na wanamshuku Kemboi, mfanyakazi wao kutoka Saboti, mtu mzima aliyekamua ng'ombe wao miaka tisa na ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimwogesha mgonjwa. Saa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipaswa kufungua mdomo palepale, na sikuufungua.

Nilijiambia hatapona, na siku ya kunyoa nywele ipo. Kwetu Wabukusu, siku ya tatu baada ya maziko watu hukaa, hunyolewa, na mwenye kitu cha marehemu hukirudisha mbele ya wote, wala haulizwi kilikuwaje kwake. Nitairudisha siku hiyo, nikasema, bila aibu. Uongo mtupu. Nilitaka tu kukaa nayo wiki chache zaidi.

Walubengo alifariki mwezi wa sita. Siku ya maziko vijana waliokwisha kulewa busaa walimtoa Kemboi zizini wakimuuliza saa iko wapi. Mimi nilikuwa chini ya hema nikila. Nilisikia jina lake likiitwa, nikasikia na fimbo, na sikuweka sahani chini.

Asubuhi ya siku ya tatu habari ikaja kutoka hospitali kwamba Kemboi amekufa.

Tulinyolewa hivyohivyo. Mzee wa ukoo, Wekoye, akauliza nani ana kitu cha marehemu. Kabla sijainuka, Nabwile alitoa karatasi ambayo mumewe aliiandika Krismasi iliyopita. Ilisema: saa yangu apewe Wakhungu, ndiye anayeijua.

"Pole, shemeji," Nabwile akaniambia, akijifuta macho kwa leso. "Ilikuwa yako, na ndiyo hiyo mtu aliiba."

Nilisimama, nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani. Hakuna aliyeniuliza chochote, maana desturi hairuhusu. Natamani wangeniuliza. Nabwile aliisukuma saa ile upande wangu.

"Si ni yako," akasema. "Chukua. Lakini usifike Kitale nayo kabla ya kupita Saboti."

Nilipita. Jepkorir, mke wa Kemboi, nilimkuta uani akichambua maharagwe. Nilimweleza yote, ya mfukoni na ya sahani, sikuficha. Nikampa saa. Aliipindua, akaona kile kigari, akaipima uzito kiganjani. Nilingoja anitukane, hata anipige, nami ningeshukuru.

"Ni hii tu?" akauliza. "Vile walimpiga, mimi nilifikiria ni kitu kubwa."