Bushi za Mwaka wa Vikwazo

Mwaka 1997, wakati nchi jirani zilipotuwekea vikwazo vya biashara, bushi mpya za kamshafti, zile pete ambamo mhimili huo wa injini huzungukia, hazikupatikana Bujumbura nzima. Sisi mafundi wa Buyenzi tulijitengenezea. Mwenzetu Tajudini alizichonga kwa shaba kwenye mashine yake. Mimi, Rachidi, nilizigonga ndani ya bloku ya injini, kisha nikatoboa tundu la oili zikiwa tayari zimekaa, ili tundu la bushi lioane kabisa na la bloku. Nilijivunia sana ujanja huo, na kila mteja nilimwambia kwamba injini yangu haifi.

Ya mteja wangu Aloys ilikufa siku ya tisa, bahati yake akiwa hapa hapa mjini, Ngagara. Taa ya oili iliwaka, injini ikaanza kugonga. Nilimlaumu kwa kununua oili ya bei rahisi, maana mimi ni mwepesi wa kulaumu. Nilipofungua, bushi ya tatu ilikuwa imeungua na kamshafti imelika. Basi nikaibeba bushi hadi kwa Tajudini, nikamtolea maneno mbele ya wateja wake.

Tajudini alinifuata gereji, akapima bushi zilizobaki, vipimo vikawa sawa. Kisha akaingiza waya kwenye njia ya oili ndani ya bloku, akauvuta polepole. Ulitoka umenasa kiuzi cha shaba kilichojikunja.

"Hii uchafu inatoka wapi, Rachidi?"

Ulitoka kwenye keekee yangu ya mkono. Nilipokuwa natoboa, machicha ya shaba yaliangukia ndani ya njia ile, na kwa kuwa umeme ulikatika wiki nzima na kompresa haikufanya kazi, niliyapuliza kwa pampu ya baiskeli nikaridhika. Oili haikupita, bushi ikaungua.

"Utoboe kwanza mezani, uweke alama ya kulinganisha matundu, ndiyo ugonge," Tajudini alisema. "Na ile njia, utoe vizibo, upitishe burashi na petroli."

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikakumbuka kwamba kuna injini nyingine nne nilizozitoboa vile vile, na ilikuwa Alhamisi, siku ambayo magari yao yangepanda mlima wa Bugarama kwa konvoi, msafara unaolindwa na askari. Barabara ile ilikuwa na watu wa kuvizia, na konvoi haikusubiri gari lililozimika.

Niliikuta karibu na Gasenyi, magari yamejipanga, injini zinanguruma.

"Wote niliowafungulia injini tangu Idi, musiende," nilisema kwa sauti. "Nimekosea kazi."

Nilisema hivyo mbele ya madereva thelathini. Callixte, mmoja wa wale wanne, alizima gari bila kuuliza. Wengine wawili walizima huku wakinitukana, na walikuwa na haki. Wa nne, Cirimwami, alikuwa amebeba chumvi, mkewe Consolate kakaa pembeni yake.

"Shuka, ndugu yangu," nilimwambia. "Bushi zitaungua kwenye mulima."

"Apana, fundi. Si we ulisema injini yako haifi? Sikia vile inalia. Mi nakuamini."

"Usiniamini."

Akacheka. Filimbi ya askari ikalia. Consolate alimshika mumewe mkono, akamwambia neno ambalo sikulisikia, lakini Cirimwami akapandisha kioo. Nilikimbia kando ya gari nikigonga mlango hadi kwenye kizuizi. Hapo askari alinivuta nyuma kwa kola, na magari yakaanza kupanda, la Cirimwami likiwemo.